Jina la Mtoto Lisiishie Kwenye Akika

Miongoni mwa jirani zetu wa Kilifi na Kwale wamo Wapemba, ambao wazee wao walivuka bahari kutoka kisiwa cha Pemba miongo mingi iliyopita, baadhi yao kabla ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963. Tumeoana nao, twaswali nao safu moja, na samaki tumlaye huenda katoka katika nyavu zao. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo dola haikuwahesabu kuwa wananchi.

Uzito wa jambo hili waonekana nyumbani. Asiye na kitambulisho hapati leseni ya uvuvi, hafungui akaunti ya benki, wala hasajili laini ya simu kwa jina lake. Baba huvua kwa hofu, na mama hata akiba yake ndogo huiweka kwa jina la mwenziwe.

Haki hii haikuja bila ya kudaiwa. Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao asili yao ni Msumbiji, walishika njia kwa miguu kuelekea Nairobi kuomba uraia, nao wakakubaliwa. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba: walitambuliwa rasmi, na mwezi wa Julai Rais William Ruto akawakabidhi hati zao mjini Kilifi. Twamshukuru Mola kwa hilo.

Lakini hati ya mzazi haimtoshi mwana. Mtoto asiposajiliwa leo, kesho atasimama pale pale aliposimama babu yake. Wala jambo hili si la Wapemba peke yao. Wako binti zetu walioolewa Unguja, Yemen na Oman, ambao hudhani kuwa watoto wao hawana haki hapa kwa kuwa baba si Mkenya. Sivyo. Kifungu cha 14 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kuwa mtoto ni raia kwa kuzaliwa iwapo baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa nchini au ng'ambo. Uraia wa mama, basi, watosha.

Siku ya saba twamchinjia mtoto akika, twamnyoa na kumpa jina. Tukisha kula na kuomba dua, jina hilo na lifike kwa msajili. Aliyezaliwa nyumbani, habari yake ipelekwe kwa naibu wa chifu. Isipite miezi sita, kwani baada ya hapo huhesabiwa usajili uliochelewa, na ushahidi utakiwao huwa mwingi zaidi.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni, liwe dogo au kubwa. Ikiwa mali ipitayo imeamrishwa kuandikwa, vipi tutaiwacha nasaba ya mtoto ielee midomoni mwa watu?