Zana za Kompyuta katika Upangaji wa Matumizi ya Ardhi: Mfano wa Nzahaha, Wilaya ya Rusizi

Utangulizi

Nzahaha ni mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Kaskazini mwake uko mji wa Kamembe, kitovu cha Rusizi, ambayo ni miongoni mwa miji sita ya upili iliyoteuliwa kuipunguzia Kigali msongamano. Kusini liko bonde la mpunga la Bugarama. Mahali pa namna hii, mji ukipanuka na shamba likihitajika, huzuka swali gumu: ardhi ipi ijengwe na ipi ilimwe? Makala haya yanafafanua jinsi zana za kompyuta zinavyosaidia kulijibu, na mahali uwezo wake unapokoma.

Zana zinavyofanya kazi

Msingi wa zana hizo ni rejesta ya ardhi. Kati ya 2009 na 2013, Rwanda ilisajili zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi. Mipaka ilichorwa juu ya picha za angani zilizochapishwa, wamiliki na majirani wakiwapo, kisha ikaingizwa katika kompyuta. Kila kipande kikapewa namba yake pekee. Juu ya ramani hiyo, mfumo wa taarifa za kijiografia hupanga tabaka nyingine: mwinuko, udongo, barabara, ardhi oevu na maeneo ya hatari. Tabaka zikilinganishwa, mpangaji huona mara moja kipande kilicho kwenye mteremko mkali au kando ya mto. Katika Rusizi tabaka la hatari lina uzito wake: tetemeko la Februari 3, 2008 liliua watu na kubomoa majengo wilayani humo.

Pengo kati ya ramani na shamba

Hata hivyo, zana hukokotoa kile tu kilichoandikishwa. Sheria ya ardhi ya 2013 ilikataza kugawa shamba la kilimo iwapo vipande vitakavyopatikana vingekuwa chini ya hekta 1, ilhali familia nyingi za vijijini humiliki chini ya kiasi hicho. Shamba likigawiwa warithi watatu pasipo usajili, kompyuta huendelea kuona kipande kimoja na mmiliki mmoja, hali mlimani mna kaya tatu. Makadirio ya makazi na orodha ya fidia ya barabara yakitegemea ramani hiyo, yote hupotoka. Anayeumia kwanza ni mrithi asiye na jina katika rejesta.

Hitimisho

Ubora wa programu hauwezi kuziba pengo hilo. Mambo matatu yapewe kipaumbele: usajili wa mirathi na mauzo uwe rahisi na karibu na mwananchi, ramani zihakikiwe na wakazi, kwa Kinyarwanda, kabla ya kuidhinishwa, na kila ramani ioneshe tarehe ya data zake, ili mwamuzi ajue anapanga ardhi ya leo au ya miaka iliyopita.