Je, Wajua? Ofisa Asiye na Pingu

Je, wajua kwamba ofisa wa forodha wa Sweden aliyepangiwa kituo nje ya nchi hawezi kumkamata mtu huko? Hapekui mizigo wala nyumba. Si jasusi, serikali mwenyeji inamtambua. Tena haitumikii Sweden peke yake. Tangu miaka ya 1980, maofisa hawa wa forodha na polisi huzihudumia kwa pamoja Sweden, Norway, Denmark, Finland na Iceland. Wenzao wa uhamiaji kwenye viwanja vya ndege nao hushauri tu kuhusu pasipoti na viza. Anayemzuia abiria ni shirika la ndege.

Mtu atauliza: mshahara wa nini, kama hakamati? Jibu liko kwenye miraa. Sweden iliipiga marufuku mwaka 1989. Uholanzi iliiruhusu hadi Januari 2013. Basi mzigo wa Meru ulipanda ndege Nairobi, ukashuka Amsterdam kihalali kabisa, ukapakiwa garini kuelekea kaskazini, na njiani ukageuka magendo. Miraa haingoji: siku mbili tatu, nguvu imekwisha. Ndiyo maana dereva alikimbia usiku kucha hadi daraja la Öresund, la kuingilia Sweden kutoka Denmark. Forodha ikikaa darajani bila taarifa, inabahatisha. Neno moja kutoka kwa ofisa aliyeko Uholanzi, kabla gari halijawashwa, lina thamani kubwa kuliko pingu.

Nawe unayekwenda kumtembelea jamaa Hallonbergen, pembeni mwa Stockholm: miraa iache nyumbani. Huko ni kosa la jinai.