Sheria Bila Mwamuzi: Michezo ya Jadi ya India na Makuzi ya Mtoto

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhimiza malezi ya mzazi na mafunzo ya mwalimu. Ni nadra kukumbukwa kwamba mtoto hukunjwa pia na watoto wenzake, uwanjani, pale ambapo hapana mzazi wala mwalimu. Hata katika taaluma ya fasihi simulizi, michezo ya watoto inapokusanywa, kinachoandikwa mara nyingi ni nyimbo zake. Sheria za mchezo, namna zinavyobishaniwa na namna mabishano hayo yanavyokwisha, huachwa palepale uwanjani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi michezo ya jadi ya India inavyochangia makuzi ya mtoto kimwili, kiakili, kilugha na kijamii. India imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ina hazina kubwa ya michezo isiyohitaji zaidi ya mawe, vijiti na mbegu, na baadhi yake inafanana na michezo ya pwani ya Afrika Mashariki. Pili, Premchand (1880–1936), mmoja wa waandishi wakuu wa Kihindi na Kiurdu, ameacha hadithi fupi inayouchukua mchezo mmoja wa jadi kuwa kipimo cha usawa baina ya watu. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba manufaa ya michezo hii hutokana zaidi na jambo moja: sheria zake husimamiwa na wachezaji wenyewe.

Msingi wa kinadharia

Wataalamu wawili wanafaa kutajwa. Jean Piaget, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, aliwachunguza watoto wa Uswisi waliokuwa wakicheza gololi. Aligundua kwamba watoto wadogo huzichukulia sheria za mchezo kuwa kitu kilichotoka kwa wakubwa na kisichoweza kubadilishwa, ilhali wale wanaokaribia ubalehe huziona kuwa mapatano baina yao. Naye Lev Vygotsky, katika mhadhara wa mwaka 1933, alieleza kwamba mchezoni mtoto huitii sheria kwa hiari hata inapokwenda kinyume na tamaa yake ya wakati huo. Kwa sababu hiyo mtoto anayecheza huonyesha uwezo unaozidi ule wa maisha yake ya kila siku. Mawazo haya mawili, yaani mapatano na kujizuia, ndiyo yanayoongoza uchambuzi ufuatao.

Mwili na pumzi

Mchezo unaojulikana zaidi ni kabaddi. Timu mbili za wachezaji saba saba husimama katika nusu mbili za uwanja. Mchezaji mmoja huvamia nusu ya wapinzani akitamka neno "kabaddi" mfululizo kwa pumzi moja. Lengo lake ni kuwagusa wapinzani na kurejea kwao kabla pumzi haijakatika. Akivuta pumzi nyingine akiwa ugenini, au akikamatwa na kuzuiwa asirudi, hutolewa mchezoni. Hata hivyo, mchezaji aliyetolewa hurejea pindi timu yake inapomtoa mpinzani. Mtoto hujifunza kwamba kosa lake laweza kukombolewa na juhudi za mwenzake.

Kinachovutia ni kwamba sauti yenyewe ndiyo saa ya mchezo. Mtoto hupima nguvu za mapafu yake, hukadiria umbali wa kurudi, na huamua kama amguse mtu mmoja zaidi au aridhike na alichokipata. Aidha, majina ya mchezo huu katika maeneo mbalimbali yanabeba mlio wa namna hiyo hiyo: hu-tu-tu huko Maharashtra, chedugudu huko Tamil Nadu na hadudu huko Bengal. Kila jamii imechagua silabi zinazotamkika haraka bila kupoteza hewa nyingi, jambo ambalo mwanafunzi wa fonolojia hatakosa kulitambua.

Mchezo wa pili ni kho kho. Wachezaji wanane wa timu moja huchuchumaa kwa safu, kila mmoja akielekea upande ulio kinyume na wa jirani yake. Wa tisa huwakimbiza wapinzani, lakini haruhusiwi kugeuza mwelekeo wala kupenya katikati ya waliochuchumaa. Wanaokimbizwa wanaruhusiwa kupenya. Mkimbizaji anapozidiwa, humgusa mwenzake mgongoni na kutamka "kho". Yule huinuka na kuendeleza mbio, naye huchuchumaa mahali pake. Mbio hapa hazitoshi. Mtoto mwenye kasi kuliko wote hushindwa iwapo hajui wakati wa kumwachia mwingine. Kujizuia alikokueleza Vygotsky kunaonekana wazi katika miguu inayotaka kugeuka lakini inakatazwa na sheria.

Akili na hesabu

Msomaji aliyewahi kuketi mbele ya bao hatauona mchezo wa pallanguzhi kuwa mgeni. Huu ni mchezo wa Watamil wa kusini mwa India, unaochezwa kwenye ubao wenye mashimo 14, yaani safu mbili za mashimo saba saba. Kete zake huwa ni kauri au mbegu za ukwaju. Mchezaji huchota kete za shimo moja na kuzigawa moja moja katika mashimo yanayofuata, akiendelea hadi zinapoishia mahali pa kumpa ushindi au pa kumkatiza. Katika aina moja ya mchezo huu, shimo linapofikisha kete nne huitwa pasu, yaani ng'ombe, na mwenye shimo huzitwaa. Bao la Waswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni pana na gumu zaidi, lakini kanuni ya kupanda na kuvuna ni ile ile.

Faida yake kwa mtoto haihitaji maelezo marefu. Mtoto huhesabu kabla ya kuchota, huona kwa macho ya akili kete zitakapoishia, na hukumbuka yaliyomo katika mashimo ya mpinzani. Anajifunza kugawanya na kukadiria kabla hajaonyeshwa alama za hesabu ubaoni. Hali kadhalika, mchezo wa vijiwe vitano, unaoitwa gutte katika baadhi ya maeneo ya kaskazini na ambao Mswahili angeuita mdako, huoanisha jicho na mkono: kijiwe kimoja kiko hewani, na mkono uleule unaokingojea lazima uokote kimoja, kisha viwili, kisha vitatu.

Lugha na kumbukumbu

Katika antakshari, mchezaji huimba kipande cha wimbo, na mpinzani wake hana budi kuimba wimbo mwingine unaoanza kwa sauti iliyomalizia ule wa kwanza. Jina lenyewe limeundwa kwa maneno mawili ya Kisanskriti yenye maana ya "mwisho" na "silabi". Mshairi wa Kiswahili atakumbuka bahari ya pindu, au mkufu, ambamo maneno ya mwisho wa ubeti huchukuliwa kuanzisha ubeti unaofuata. Tofauti ni kwamba mtunzi wa pindu ana muda wa kufikiri, ilhali mchezaji wa antakshari ana sekunde chache tu.

Mchezo huu humlazimu mtoto kuisikiliza sauti ya mwisho ya neno, kuitenga na nyinginezo na kuitafuta mwanzoni mwa neno jingine. Huo ndio utambuzi wa sauti anaouhitaji mtoto anayeanza kusoma. Isitoshe, mchezo huchezwa na watu wa rika zote pamoja, hasa safarini na katika mikusanyiko ya jamaa, hivyo nyimbo za bibi humfikia mjukuu bila somo lolote kutangazwa.

Haki na usawa: ushahidi wa Premchand

Mchezo wa gilli-danda huhitaji vijiti viwili. Gilli ni kijiti kifupi kilichochongwa ncha zote mbili. Danda ni fimbo ya kukipigia. Mchezaji hugonga ncha ya gilli, inaruka juu, kisha huipiga tena ikiwa hewani ili iende mbali. Mpinzani akiidaka, zamu hukoma. Katika Premchand, mchezo huu umekuwa zaidi ya burudani.

Katika hadithi yake iitwayo "Gulli Danda", msimulizi ni mwana wa mkuu wa kituo cha polisi. Utotoni hucheza na Gaya, mvulana wa tabaka linalodharauliwa, ambaye kwa ustadi hana mfano. Siku moja msimulizi anachoka kumkimbilia gilli na anataka kwenda nyumbani bila kulipa zamu anayodaiwa. Anamkumbusha Gaya kwamba jana yake alimpa pera. Gaya hakubali: pera ni pera, zamu ni zamu. Wanapigana, na mwana wa mkubwa anachapwa. Anaona aibu, lakini hapeleki mashtaka nyumbani.

Miaka mingi baadaye msimulizi amekuwa mhandisi wa serikali, naye Gaya ni mtunza farasi wa afisa mmoja. Wanakutana na kucheza tena. Msimulizi anadanganya waziwazi. Anacheza hata baada ya kutolewa. Gaya hapingi. Anakubali kila uongo kana kwamba amesahau sheria. Siku inayofuata, Gaya anacheza na watu wa hali yake, na ustadi wake wa zamani unajitokeza wote; hata makosa anayagombania. Hapo ndipo msimulizi anapong'amua kwamba jana yake hakuchezewa, bali alibembelezwa. Cheo kimekuwa ukuta baina yao.

Hadithi hii inafafanua kile ambacho Piaget alikiita mapatano. Utotoni, sheria ya zamu ilikuwa juu ya cheo cha baba. Gaya aliweza kumdai mwana wa polisi haki yake mbele ya wote, na mwana wa polisi alijua moyoni kwamba anadaiwa. Kofi la Gaya lilikuwa, kwa namna fulani, heshima: alimchukulia mwenzake kuwa mtu anayepaswa kuitii sheria. Utu uzimani, ukimya wa Gaya ndio unaouma. Mchezo uliendelea kwa vijiti vilevile, lakini kilichoufanya mchezo, yaani haki ya kubisha, kilikuwa kimetoweka.

Mipaka na changamoto

Haifai, hata hivyo, kuisifu michezo hii kupita kiasi. Si kila uwanja wa India uliwakubali watoto wa matabaka yote, na urafiki wa Premchand ni wa kusisimua kwa kuwa haukuwa wa kawaida. Wasichana waliruhusiwa zaidi michezo ya uani kama vile pallanguzhi na vijiwe, huku viwanja vya wazi vikiachiwa wavulana. Gilli inayoruka pia imejeruhi macho ya watoto wengi. Kwa hiyo, kurithi mchezo hakumaanishi kurithi kila mwiko na kila hatari yake.

Changamoto nyingine inatokana na mafanikio. Kabaddi iliingia katika Michezo ya Asia mwaka 1990 mjini Beijing, na ligi ya kulipwa ikaanzishwa India mwaka 2014. Mwaka 2016 Kenya ilishiriki Kombe la Dunia la kabaddi mjini Ahmedabad. Kombe la kwanza la Dunia la kho kho lilifanyika New Delhi Januari 2025. Zaidi ya hayo, Sera ya Kitaifa ya Elimu ya India ya mwaka 2020 inasisitiza ujifunzaji kwa njia ya mchezo kwa watoto wa miaka 3 hadi 8. Yote haya ni ya kupongezwa, kwani yanaiokoa michezo isisahaulike na yanawafungulia wasichana viwanja. Lakini ligi huja na mwamuzi, na shule huja na kengele na alama. Mtoto anapomgeukia mtu mzima ili aamuliwe kila ubishi, mwili wake unaendelea kunufaika, ilhali somo la mapatano linapungua.

Mwalimu mmoja wa Kigujarati aliliona jambo hili mapema. Gijubhai Badheka (1885–1939), aliyewahi kuja Afrika Mashariki mwaka 1907 kutafuta riziki kabla ya kurejea kwao, alishiriki kuanzisha shule ya watoto wadogo mjini Bhavnagar mwaka 1920. Katika kitabu chake Divaswapna, mwalimu wa kubuni anaingiza hadithi na michezo katika darasa lililozoea kukariri, huku wakubwa wake wakitilia shaka. Kwa Gijubhai, mchezo ulikuwa sehemu ya masomo.

Hitimisho

Imebainika kwamba michezo ya jadi ya India hukuza pumzi na wepesi, hesabu na kumbukumbu, usikivu wa sauti na, zaidi ya yote, hisia ya haki. Mtaala wa Umilisi nchini Kenya unatoa nafasi kwa michezo katika madarasa ya awali, na walimu wana mdako, bao na michezo mingine mingi ya kuanzia. Ni vyema vipindi hivyo visijazwe vyote kwa maelekezo. Watoto waachiwe muda wa kugawana timu, kubishana na kupatana, mwalimu akiwa karibu kwa ajili ya usalama tu.

Kwa watafiti wa Kiswahili, kazi ni mahususi zaidi. Anayekwenda nyanjani kurekodi nyimbo za watoto na asikizime kinasa sauti wimbo unapokwisha. Maneno ambayo watoto hutumia kudai zamu, kukana kosa, kukubali kushindwa na kurudishana mchezoni ni sehemu ya lugha yetu, na watoto wanaoyajua wanazidi kukua kila mwaka.