PUMZI, UJIRA NA NIA YA MCHEZAJI WA MPIRA

Katika milima ya Nyambene, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, kipo kituo cha Kangeta. Jina lake limefika mbali kuliko ukubwa wake, kwa kuwa hata aina moja ya miraa huitwa kangeta. Vijana wa huko hucheza mpira jioni kama vijana wa kila mahali nchini, na wako miongoni mwao wanaotamani kuufanya mpira kuwa kazi yao. Kwa hao, na kwa wazazi wao, yafaa ifahamike ni nini kinachomwezesha mchezaji wa kulipwa kudumu katika kazi hiyo, na ni nini kinachomwangusha.

Watazamaji wana haraka ya kuhukumu. Mchezaji akilegea katika dakika ya 70, husema kwamba ni mvivu au hana moyo. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi kosa lilifanyika siku mbili kabla ya mchezo, chunguni na kitandani.

Mchezaji wa kiungo katika ligi kubwa huenda kilometa 10 hadi 12 katika dakika 90. Mwendo huo peke yake si wa kustaajabisha. Wako akina mama wa Igembe waendao zaidi ya hapo na mzigo mgongoni. Ugumu uko katika mbio fupi za kasi zinazorudiwa tena na tena, huku mapumziko ya katikati yakiwa machache mno. Mbio za namna hiyo hutumia akiba ya wanga iliyowekwa ndani ya misuli yenyewe, nayo hutokana na vyakula kama ugali, viazi, ndizi na wali. Mchezo ukikaribia kwisha, sehemu kubwa ya akiba hiyo huwa imekwisha, ndipo miguu hukataa amri ya kichwa. Kuijaza tena huchukua siku moja au mbili, wakati mwingine zaidi, hata kwa mtu anayekula vizuri. Aliyelala njaa usiku wa kuamkia mchezo huingia uwanjani kama gari lililotiwa petroli nusu tangi. Maji nayo yasisahauliwe: mtu wa kilo 70 akipoteza kilo moja na nusu hivi kwa jasho, nguvu zake huanza kupungua.

Kuna kipimo cha pumzi kisichohitaji fedha. Mwaka 1968 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alieleza njia ya kumpima mtu kwa kumkimbiza dakika 12 na kupima umbali aliokwenda. Mwanamume wa miaka 20 hadi 29 akipita mita 2,800 huhesabiwa kuwa bora. Hutakiwa saa na uwanja uliopimwa kwa kamba, basi. Mwalimu akikipima kikosi chake kila baada ya majuma machache, atajua ni nani anayeendelea na ni nani anayerudi nyuma, bila kubishana na mtu. Na kurudi nyuma ni upesi. Mchezaji akikaa majuma mawili au matatu bila mazoezi, pumzi aliyoijenga kwa miezi huanza kumtoka.

MIRAA NA MIGUU

Hapa ndipo Kangeta ina neno lake la pekee. Miraa ndiyo iliyosomesha watoto wengi wa Igembe na kujenga nyumba zao, wala hakuna haja ya kuitukana. Lakini mfanyabiashara aiuzaye ni mmoja, na mchezaji aitafunaye ni mwingine. Majani mabichi yana dawa iitwayo kathinoni, ambayo hugeuka kuwa kathini, dawa iliyo dhaifu zaidi, majani yanaponyauka. Ndiyo sababu magari ya miraa huenda mbio hivyo. Dawa hiyo huupigisha moyo kasi, huondoa hamu ya chakula na kuufukuza usingizi. Mtafunaji hujiona ana nguvu nyingi. Kwa kweli hakuongezewa nguvu yoyote. Amezibwa masikio asisikie uchovu. Akikesha usiku kucha bila kula, amejinyima vitu viwili ambavyo misuli ilikuwa ikivingojea.

Kwa mchezaji wa kulipwa kuna hatari nyingine tena. Kathinoni na kathini zimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa wakati wa mashindano, na kathini huhesabiwa kuwa kosa ikipita kipimo kilichowekwa katika mkojo. Wakati wa mashindano huanza saa sita kasoro dakika moja usiku wa kuamkia siku ya mchezo. Hata hivyo alama za dawa zaweza kukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo kusema "nilitafuna jana mchana" si kinga.

Nia ni jambo gumu zaidi kulipima. Watu wengi hudhani kwamba huletwa na fedha tu. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya CHAN pamoja na Uganda na Tanzania, Rais William Ruto aliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi katika kundi, na nusu yake kwa sare. Harambee Stars waliishinda Kongo, wakatoka sare na Angola, kisha wakaishinda Moroko bao 1 kwa 0 ingawa walicheza kipindi chote cha pili wakiwa watu kumi. Waliondolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Ni nani awezaye kusema ni fedha ngapi na ni fahari ngapi iliyowakimbiza watu kumi kwa dakika 45 mbele ya umati wa Kasarani?

Mwaka 1971 mtaalamu wa Marekani, Edward Deci, alitangaza matokeo ya jaribio lake na wanafunzi waliopewa mafumbo ya kupanga vipande. Waliolipwa kwa kila fumbo, malipo yalipokoma, waliyaacha mafumbo upesi kuliko wenzao ambao hawakulipwa kamwe. Ahadi kubwa ya siku moja, basi, yaweza kuamsha nia, lakini haiilishi mwaka mzima. Bw. Michael Olunga, aliyetoka Gor Mahia kwenda Ulaya mwaka 2016, alifunga mabao manane katika mchezo mmoja huko Japani tarehe 24 Novemba 2019, timu yake ya Kashiwa Reysol iliposhinda 13 kwa 1. Mtu aliyetafuta ushindi tu angetosheka na matatu.

Lakini mshahara usiolipwa huua nia na mwili kwa pamoja. Mchezaji asiye na nauli hafiki mazoezini, na asiye na chakula hajazi misuli. Chama cha wachezaji wa dunia, FIFPRO, kilipouliza wachezaji wa nchi 54 mwaka 2016, asilimia 41 walisema wamewahi kucheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia. Tangu mwaka 2018 kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili bila haki aweza kuvunja mkataba, mradi kwanza aiandikie klabu na kuipa siku 15 za kulipa. Haki hiyo ni nyepesi kwa mwenye mkataba ulioandikwa, na ni ngumu mno kwa aliyeahidiwa kwa mdomo. Na mzazi atakayeletewa karatasi ya kumtia sahihi kijana aliye chini ya miaka 18 aangalie kwanza muda uliotajwa, maana kanuni hizo hizo hazikubali uzidi miaka mitatu.