MAUMIVU YA HEDHI: TUFANYE NINI NYUMBANI?

Leo tunazungumza jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Ni maumivu ya tumbo siku za mwezini. Wanaume nao wasome, maana wana wake na mabinti. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitufundisha kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Jambo hili waliachiwa akina mama peke yao.

Wengi huyaita maumivu haya chango. Wengine hudhani ni mdudu au mshipa unaotembea tumboni. Si mdudu. Mfuko wa uzazi ni msuli. Kila mwezi hujiandaa kupokea mimba kwa kuota utando laini ndani yake. Mimba isipoingia, utando hubomoka na kutoka pamoja na damu. Ili kuusukuma nje, mfuko hujikamua, kama mtu anavyokamua nguo iliyofuliwa. Mwili wenyewe hutoa kemikali inayouamuru mfuko ujikamue. Kwa wanawake wengine kemikali hiyo huwa nyingi. Ndipo tumbo hukata, kiuno huuma, na wengine hutapika au kuharisha. Basi binti akisema anaumwa, hajifanyi. Asiitwe mvivu.

Joto husaidia sana, maana hulegeza msuli. Tia maji ya moto katika chupa, funga kizibo vizuri, izungushie kanga, kisha iweke chini ya kitovu. Maji yasiwe yanayochemka, chupa ya plastiki isije ikalegea na kukuunguza. Kama huna chupa, chovya kitambaa katika maji ya moto, kikamue, kiweke tumboni. Kikipoa, rudia.

Lakini huku kwetu milimani kuna hatari. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Lushoto, Magamba na Mtae ni kali. Mgonjwa huletewa jiko la mkaa chumbani, mlango na dirisha vikafungwa. Usifanye hivyo kamwe! Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Mtu hulala asiamke. Jiko libaki nje. Maji ya moto ndiyo yaingie ndani.

Tangawizi pia ina kazi. Mwaka 2009 watafiti wa Iran walitangaza jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa kike 150. Wengine walipewa unga wa tangawizi, wengine vidonge vya hospitali vya kutuliza maumivu. Nafuu yao ililingana. Na tangawizi hailimwi mbali nasi. Jirani zetu wa Same huilima kwa wingi. Chukua kipande kama kidole gumba, kioshe, kiponde, kichemshe katika vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi. Kunywa asubuhi na jioni, siku tatu za mwanzo.

Kutembea taratibu hupunguza maumivu. Kupanda mlima na mzigo wa kuni kichwani ni jambo jingine. Siku hizo baba au kaka abebe kuni. Hatapungukiwa na kitu.

Kumeza parasetamoli au ibuprofeni si kosa. Ibuprofeni imezwe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, au anayedhani ana mimba, asiitumie.

Misitu ya Usambara ina miti mingi ya dawa, na wako wazee wanaoijua. Hata hivyo, mizizi ya kuchemsha haina kipimo. Mingine hukaza mfuko wa uzazi zaidi. Mwanamke akiwa na mimba bila kujua, anaweza kuiharibu na kutoka damu nyingi.

Binti huambiwa, "Ukizaa yatakwisha." Kwa wengi hupungua baada ya kuzaa, ni kweli. Hiyo si sababu ya kumwozesha mtoto wa shule.

Yapo maumivu yasiyotibiwa nyumbani. Mwanamke aliyekosa hedhi, kisha akashikwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo au akazimia, huenda mimba imetunga nje ya mfuko. Apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku. Pia nenda zahanati ukiwa na homa, au uchafu unaonuka ukeni, au damu inayopita siku saba, au damu inayolowesha kitambaa kila saa. Nenda vilevile kama maumivu yanazidi mwezi hadi mwezi, au yameanza ukubwani wakati zamani hukuwa nayo.

Mganga atakuuliza tarehe. Wewe sasa unajua kuandika. Chukua daftari. Andika siku damu ilipoanza, siku ilipokoma, na siku ulizoumwa hata ukashindwa kwenda shamba au shule. Fanya hivyo miezi mitatu, kisha nenda nalo.