Kamera ya kazi: megapikseli ngapi zinatosha?

Katika maduka ya vifaa vya elektroniki mjini Lubumbashi, kama ilivyo Goma, Bukavu au Kisangani, mnunuzi wa kamera huonyeshwa kwanza nambari ya megapikseli. 24 inaonekana bora kuliko 18, na 45 inaonekana kuzishinda zote. Kwa kijana anayetaka kuingia katika kazi ya picha, na ambaye akiba yake ya dola inatosha kununua kamera moja tu, nambari hiyo inaweza kumpotosha. Pesa zinazoishia kwenye megapikseli hazibaki tena za kununua lenzi, flashi na betri ya pili. Na harusi ikiharibika kwenye picha, hairudiwi.

Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Nukta hizo zimepangwa kwenye kihisi, yaani kile kibamba kidogo kilicho nyuma ya lenzi na kinachopokea mwanga. Kamera ya kwanza ya dijitali iliyobebwa mkononi, ambayo mhandisi Steven Sasson aliiunda katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na nukta 10 000 tu. Nikon D1, iliyotoka mwaka 1999 na kuingia katika mikono ya wapiga picha wa magazeti, haikufika megapikseli 3.

Hesabu ya karatasi

Njia rahisi ya kujua nukta zinazohitajika ni kuangalia picha itatumika wapi. Kipimo kinachotumiwa sana katika uchapaji wa picha nzuri ni nukta 300 kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho, picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 haihitaji hata robo ya megapikseli. Picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15, ambayo familia nyingi huagiza baada ya ubatizo au harusi, inahitaji megapikseli 2 hivi. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji karibu 9, na A3 inayotundikwa sebuleni inahitaji zaidi kidogo ya 17.

Kwenye kioo mahitaji ni madogo zaidi. Televisheni ya Full HD huonyesha megapikseli 2 tu, na ile ya 4K huonyesha 8. Picha inayotumwa kwa WhatsApp hubanwa kabla ya kuondoka kwenye simu, kwa hiyo anayeipokea haoni tofauti kati ya kamera ya 20 na ya 45.

Tena, nambari hizo hudanganya macho. Ili picha iwe na nukta mara mbili kwa upana na kwa urefu, kihisi kinahitaji nukta mara nne. Kutoka 12 hadi 24 si kupata picha kubwa maradufu. Kutoka 24 hadi 45, upana huongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja.

Mwanga ndio unaoamua

Kazi nyingi ya mpiga picha hufanyika mahali penye mwanga hafifu: kanisani, ukumbini usiku, au nyumbani wakati umeme umekatika na jenereta inawasha taa mbili tu. Hapo kinachohesabiwa kwanza ni ukubwa wa kihisi. Kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 kina eneo linalozidi mara 30 hivi lile la kamera ndogo ya mfukoni. Nukta nyingi zikibanwa kwenye kibamba kidogo, kila moja hupata mwanga mchache, na picha hujaa chembechembe hasa kwenye sehemu za giza.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 2008 Canon ilitoa kamera ndogo ya PowerShot G10 yenye megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata iliibadilisha kwa G11, ikashusha nambari hadi 10 ili picha za mwanga hafifu ziwe safi zaidi. Mwaka 2020 kamera za juu za Canon na Nikon kwa ajili ya habari na michezo, EOS-1D X Mark III na D6, zilibaki kwenye megapikseli 20 hivi. Hata simu ya Samsung Galaxy S20 Ultra, iliyotangazwa kwa megapikseli 108, kwa kawaida huunganisha nukta tisa kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12.

Lenzi nayo ina neno lake. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, zikivutwa hadi mwisho, hufunguka kwa f/5.6. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi.

Nani anahitaji nukta nyingi?

Wapo wanaozihitaji. Anayepiga picha za ndege au mpira kutoka mbali hulazimika kukata sehemu ndogo ya picha na kuikuza. Anayeandaa picha za maonyesho, kama yale ya Biennale ya Lubumbashi yaliyoanza mwaka 2008 kwa jina la Rencontres Picha, anaweza kuchapisha picha ya mita nzima ambayo watu wataikaribia na kuichunguza.

Lakini nukta nyingi zina gharama baada ya kununua. Picha 1 000 ghafi za kamera ya megapikseli 24 hujaza takriban GB 25. Za megapikseli 45 huweza kufika GB 50 au zaidi. Kadi ya memori, diski na kompyuta lazima viongezwe nguvu, na mteja aliye mbali hutumiwa faili nzito kwa intaneti ya kulipia.

Kwa anayeanza na kazi za harusi na picha za pasipoti, kamera ya megapikseli 16 hadi 24 yenye kihisi kikubwa, hata iliyokwisha kutumika, inatosha. Kabla ya kulipa, afadhali aende dukani na kadi yake ya memori, apige picha kwenye kona yenye giza, kisha azitazame kwenye kompyuta na kuchapisha moja kwa ukubwa wa A4. Kama kamera ni ya mtumba, aulize pia imekwisha kupiga picha ngapi, na aitazame lenzi dhidi ya taa ili kuona kama ina ukungu ndani. Dola zinazobaki zinunue lenzi ya f/1.8 na betri ya pili.