Mavazi ya msako wa kanga Rungwa

MSIMU wa uwindaji nchini hufunguliwa Julai 1, katikati ya kipupwe. Mwindaji mwenye leseni anayefuata kanga katika Pori la Akiba Rungwa, mkoani Singida, hutetemeka alfajiri na kutokwa jasho adhuhuri. Koti moja zito, basi, halimfai. Bora fulana, shati, sweta na jaketi la kuzuia upepo, avipunguze kadiri jua lipandavyo.

Shati la mikono mirefu lisivuliwe. Mbung'o, waenezao malale, hudunga hata kupitia kitambaa chepesi, nao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Kaki ni afadhali. Nguo za mabakabaka, ingawa humficha mwindaji, zaweza kumfikisha mahakamani: raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi.